Waacheni Wanaolala Jeevanjee Walale

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wale wanaopita kando ya Bustani ya Jeevanjee saa saba mchana, wakiona watu wamejilaza nyasini, husonya na kusema, "Wazembe hawa." Wengine huongeza kwamba kipande cha ardhi cha bei hiyo, katikati ya Nairobi, kingejengwa kitu cha maana.

Mimi nina saiba (duka la intaneti na uchapishaji) karibu na hapo, na wengi wa hao wazembe ni wateja wangu. Asubuhi huja kuchapisha barua za kuomba kazi na kutoa nakala za vyeti. Mchana nikipita nawakuta nyasini. Kijana amevua viatu akavifanya mto, maana akiviacha kando vitaondoka na mwenye miguu mingine, na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Amebisha ofisi baada ya ofisi. Nauli ya kurudi Kayole anayo, lakini akifika nyumbani mapema ataulizwa mambo yamekwendaje, na jibu hana. Akae wapi? Hotelini usipoagiza chai, mhudumu ataipangusa meza yako mpaka uone haya. Ukiketi kwenye ngazi za jengo, bawabu atakuinua. Jeevanjee hakuna anayekuuliza una shughuli gani.

Kuna na majonzi. Mtu akipigiwa simu ya msiba akiwa mjini, atalilia wapi? Ndani ya matatu, huku makanga anadai nauli? Nimewahi kumwona dada mmoja pale benchini, simu bado mkononi, machozi yanamtiririka. Mama aliyekuwa akila njugu benchi la pili alisogea, akamshika mkono, wakakaa hivyo kimya. Sidhani walikuwa wakijuana. Njugu zilizobaki walizila pamoja.

Wala si mahali pa huzuni tu. Upande huu mhubiri anakemea dhambi kwa sauti ya kupasua masikio (angepunguza kidogo, Mungu anasikia). Upande ule Bunge la Mwananchi, baraza la raia wa kawaida wanaokutana hapo, linajadili bei ya unga, na wabunge wake hawalipwi posho. Mwenye digrii anabishana na mpiga viatu rangi, na mara nyingi wa rangi ndiye anayeshinda. Niambieni ni ukumbi gani mwingine mjini unaowaketisha hao wawili pamoja bila kiingilio. Msitu wa Karura ni mzuri, sikatai, lakini langoni unalipa, na kabla ya lango kuna nauli.

Bustani hii mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi wa Nairobi mwaka 1906. Mwaka 1991 kukawa na mpango wa kuigeuza maegesho ya magari ya ghorofa, na mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kidete pamoja na wananchi mpaka mpango ukafa. Miaka miwili kabla ya hapo, Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimama ndani ya Uhuru Park, bustani nyingine ya hapa mjini. Alitukanwa sana, lakini jengo halikujengwa. Mwaka 1992 kina mama waliotaka wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe walikwenda kukaa kwenye kona ya bustani hiyohiyo, wakagoma kula. Kama mnara ule ungesimama, uchungu wao wangeupeleka wapi? Kwenye maegesho ya magari?

Kwa hiyo ninapowasikia watu wakipigia hesabu ardhi ya Jeevanjee, huwa nawauliza kama katika hesabu yao wameweka pia thamani ya mtu kupata mahali pa kutulia kabla hajarudi kwa mkewe na watoto akiwa amefura hasira.

Sisemi bustani iachwe ilivyo. Inahitaji choo safi, taa za jioni na miti michanga ya kuja kushika nafasi ya ile inayozeeka. Askari wa kaunti walinde simu na mikoba yetu, wasije na rungu kuamsha waliolala. Vibanda vya biashara vibaki nje ya ua, hata kama kodi yake inavutia. Na siku ukarabati utakapofika, usifanywe kwa kufunga kila kitu. Uhuru Park ilipofungwa mwaka 2021 tulikaa nje muda mrefu tukichungulia mabati. Jeevanjee ifungwe nusu, nusu nyingine ibaki wazi, kisha zibadilishane. Fundi anaweza kupanga kazi hivyo akiambiwa tangu mwanzo, kwa hiyo kaunti iandike sharti hilo kwenye zabuni yenyewe, na itangaze gazetini ni nusu ipi inaanza.

Mwenye saiba,
Nairobi