Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, Mtwara

Ndugu wanachama na nyie mnaouguza, habari zenu. Vikao vinne tumekaa, wagonjwa tumewatembelea Mikindani na Nanyamba, harambee imefanyika, hayo mnayajua siyarudii.

Niingie kwenye laptopu maana ndo maneno ya mtaani. Ni kweli nilitoa 350,000 kati ya 430,000 za chama nikanunua laptopu iliyotumika na kabati la kufuli ili tuanze rejista ya wagonjwa, na sikusubiri kikao kwa sababu nilikiita mara mbili wakaja watu sita. Wengine mlitaka zigawiwe nauli za kliniki, ila nauli inaisha siku hiyohiyo jamani.

Faida ya rejista ni hii: Denmaki wanaandika wagonjwa wa MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo, nchi nzima tangu 1956, ndo maana wanajua kwamba ndani ya miaka kama 60 wagonjwa wapya wanawake wameongezeka maradufu, wanaume kidogo tu, kitu ambacho daktari mmoja na wagonjwa wake thelathini hawezi kukiona hata akeshe. Swideni rejista yao ilisaidia kuonyesha kwamba rituksimabu, dawa ya zamani ya saratani ya damu, inawafaa watu wa MS na ni nafuu kuliko nyingi za hizi mpya, na 2023 WHO wakaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ugonjwa huu. Sasa tukiulizwa Kusini mko wangapi mnaoihitaji, tutajibu nini?

Mke wangu jicho lilififia likapona, mwaka uliofuata miguu ikafa ganzi, kila hospitali ikasema lake, majirani wakasema karogwa. Tunafika kwenye MRI, kile kipimo cha picha za ubongo na uti wa mgongo, tunaulizwa dalili zilianza lini, tarehe hatuna. Hilo limeniuma mpaka leo.

Mliosema nauza majina mmenikosea. Mtafiti atapewa namba, umri, wilaya, mwezi dalili zilipoanza na dawa, jina halitoki, asiyetaka anafutwa, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ipo.

Ada: wanachama 47, waliolipa 18, na hela za korosho zimeingia tumeziona. Rejista: walioandikwa 31, wenye MS iliyothibitishwa wanne.

Mwakani tukijaaliwa tufike Newala na Tandahimba, hata Lindi usafiri ukipatikana. Fomu za wale 16 waliobaki ziko kwangu, njooni hata jioni.