Mzigo wa Guangzhou haupiti Bahari ya Shamu, mbona unachelewa?

Hapa ofisini kwetu Kariakoo, tunakosafirishia watu mizigo kutoka China, wenye fremu wanatuuliza hivyo na wana haki. Meli inayotoka kusini mwa China kuja Dar hupita Mlango wa Malacca, ikakata Bahari ya Hindi. Yemen haiko njiani.

Ila kontena na meli ni zilezile zinazogombewa na dunia nzima. Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kampuni kubwa ziliacha Mfereji wa Suez, zikazungukia Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya Asia hadi Ulaya ikaongezeka siku kumi na zaidi. Ili ratiba ya kila wiki isikatike, meli za ziada zikahitajika, na kontena tupu zikachelewa kurudi China. Bandari ya kule ikikosa kontena, nauli inapanda kwa kila mtu, hata anayeleta ndoo na vioo vya simu Dar. Na mizigo mingi yetu hushushwa kwanza bandari ya kati, kama Colombo au Singapore, kusubiri meli nyingine. Siku nyingi hupotelea hapo.

Nauli ikipanda, kodi nayo inapanda, na hili wengi hawalipigii hesabu. Forodha hukadiria ushuru kwa bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli. Chukua bidhaa ya ushuru wa asilimia 25. Nauli ikiongezeka dola 1,000, ushuru unaongezeka dola 250, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya hizo 1,250 ni dola 225. Yaani dola 1,475, ukiacha tozo nyingine. Piga hesabu hiyo kabla hujampa mteja wako bei.

Mzigo wa Idi ndio unaotuumiza kichwa. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Viwanda hufungwa na wafanyakazi huenda kwao. Miaka hii Ramadhani nayo iko jirani. Anayeagiza kanzu na vyombo Januari anachelewa, hata bahari ikiwa shwari. Sisi tunataka oda hizo Oktoba, Novemba ikizidi sana.

Bima wengi wanaiona kama hela ya kutupa. Machi 2021 Ever Given ilikwama Suez siku sita, na mwenye meli akatangaza hasara ya pamoja: wenye mizigo nao wachangie gharama za uokoaji, hata kama katoni zao hazikukwaruzika. Asiye na bima hutoa dhamana mfukoni ndipo aachiwe mzigo. Sheria hiyo inaihusu pia meli inayokuja Dar.

Bosi, usifungie mtaji wote kwenye kontena moja. Gawa: bidhaa inayotoka haraka itangulie kwa kuchangia kontena, nyingine ifuate. Ndege ni ghali, ila kwa vifaa vidogo vya simu inalipa. Na wakala anayekuahidi tarehe kamili ya kupokea mzigo anakufurahisha tu. Sisi tunakupa wiki ya mapema na wiki ya mwisho, upange kwa hiyo ya mwisho.

Ukija kuulizia bei, njoo na vipimo vya katoni pamoja na proforma, yaani ankara ya awali ya muuzaji. Mzigo wa meli tunatoza kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kilo peke yake hazitoshi.