Mjomba, kabla hujatuma malipo ya kupandikizwa mapafu

Shikamoo, mjomba.

Ile hospitali ya India imekuandikia kwamba kati ya wagonjwa wake 100, 90 wako hai mwaka mmoja baada ya kupandikizwa mapafu. Sibishi, vituo vizuri vinafika hapo. Ila mwaka wa kwanza unapima zaidi kazi ya wapasuaji na ya chumba cha mahututi. Waulize mwaka wa tano.

Hapo ndipo mapafu ya kupandikizwa yanapoachana na figo ya kupandikizwa. Kwa takwimu za kimataifa, wanaovuka miaka mitano ni zaidi kidogo tu ya nusu. Figo imejificha ndani, lakini pafu linavuta vumbi na vijidudu vya nje kila dakika, na kinga ya mwili haitulii. Taratibu mifereji midogo ya hewa inajaa makovu na kuziba, na hakuna dawa ya kuizibua ikawa kama zamani.

Waulize pia wanahesabu kuanzia lini. Wakianzia siku ya upasuaji, waliokufa wakisubiri pafu hawamo. Na wamepandikiza wangapi? Kwenye wagonjwa 10, kifo kimoja ni asilimia 10 nzima. Sherehe za hospitali kufikisha mgonjwa wa 100 nazithamini kwa hilo tu: timu imezoea kazi. Uzoefu huo ulichukua muda: mgonjwa wa kwanza duniani kupandikizwa pafu, Mississippi, Marekani, mwaka 1963, aliishi siku 18. Wa kwanza kuishi miaka kadhaa alipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1983.

Huku kwetu Uganda sheria ya kupandikiza viungo ilikuja mwaka 2023, na hospitali ya Mulago ikapandikiza figo Desemba ya mwaka huohuo. Mapafu bado, kwa hiyo safari ipo. India inadai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka Uganda, na chanjo hiyo ina kirusi hai: ukishapandikizwa hupewi tena. Ichome sasa, angalau wiki nne kabla ya upasuaji. Kama unameza prednisolone, dawa inayoshusha kinga, daktari aamue kwanza. Cheti kinaanza kutumika siku ya 10 baada ya chanjo.

Kifua kikuu kilicholala, yaani vijidudu vimo mwilini ila huumwi, kipimwe na kitibiwe mapema. Rifampicin, dawa ya kifua kikuu, inaimaliza haraka mwilini tacrolimus, yaani dawa ya kutuliza kinga isilishambulie pafu jipya, na kiwango cha tacrolimus kikishuka mwili unalikataa pafu. Balungi hufanya kinyume, hupandisha kiwango hadi figo ziumie, basi liache kabisa. Dozi ya tacrolimus ya kawaida ni kila baada ya saa 12. Siku ya kupima kiwango chake, damu itolewe kabla ya dozi ya asubuhi. Wengi humeza kwanza, majibu yanatoka juu, daktari anapunguza dawa isiyostahili kupunguzwa.

Nyumbani pulizia spirometa, kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, kila asubuhi. Kipimo kikishuka asilimia 10 siku mbili mfululizo, piga simu hata kama hukohoi. Jiko la mkaa litoke ndani, na banda la kuku lifagiliwe na mwingine.

Kabla ya kutuma shilingi yoyote, tafuta maabara ya Kampala inayopima tacrolimus, uulize majibu yanachukua siku ngapi.