Daftari la madeni na kura 58

Ujiji, 9 Februari 2025

Shoga yangu Mama Sele,

Assalaam aleykum. Hujambo na wanao? Bibi mguu umepoa? Sisi wazima, ila mvua inatukomesha.

Najua umeninunia. Tangu Novemba unapiga, sipokei. Si dharau, ni aibu. Ningeanzia wapi kukwambia nimeangushwa uenyekiti wa mtaa, nawe ulishanunua kitenge cha kunipongezea?

Kushindwa nimekubali. Kinachoninyima usingizi ni daftari. Unakumbuka mwaka jana Ziwa Tanganyika lilivyofungwa tusivue, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti? Watu mikono mitupu, wote wakahamia dukani kwangu. Unga, sukari, sabuni, andika, andika. Ziwa likafunguliwa, nikasema wavute pumzi kwanza. Kabla sijaanza kudai, Baba Zuhura na wenzake wakanitia kiherehere nichukue fomu. Haya, mgombea anadaije? Wiki nzima ya kampeni napita nyumba kwa nyumba, mtu ana elfu 40 yangu, namuuliza hali ya mbuzi wake!

Wadaiwa wangu ni 63. Kura nilizopata ni 58. Sasa toa yangu, ya mama, ya Baba Zuhura (nadhani), halafu piga hesabu mwenyewe. Na wote 63 wananiapia kwamba walinipa.

Vijana wa mitumbwi siwalaumu sana. Uandikishaji wa Oktoba uliangukia mbalamwezi, dagaa hawavuliki, walikuwa wamekwenda makwao kupumzika. Tarehe 27 Novemba, siku ya kura, nayo ilikuwa giza, dagaa wanatoka, nani aache mtumbwi umejaa aje kupanga foleni? Wengine walikuja na kadi zao za mpiga kura, wakaambiwa uchaguzi wa mitaa una orodha yake, majina hayamo. Asha alikuwa wakala wangu kwenye kuhesabu. Anasema karatasi moja ilikuwa na doa la mawese, na tiki imekwenda kwa mwenzangu. Tangu siku hiyo kila nikikutana na Mama Chapati namtazama vidole. Nimekuwa mtu gani, mie?

Nikidai sasa, watasema nalipiza kisasi. Nikinyamaza, duka linakufa. Jana nimechota sukari, kikombe kikagonga chini ya ndoo. Na hujasikia lililo zito. Ukurasa wa 9, elfu 27, unga na mafuta ya taa: mwenyekiti wetu mpya! Mtu akikataa kulipa, mashtaka yanaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Niende ofisini kwake nikamshtaki yeye kwake?

Hebu niambie. Wewe 2019, baada ya kuangushwa nawe kule Isevya, Tabora, ulikaa miezi mingapi ndipo ukaanza kudai? Ulianza na ndugu au na wapangaji? Nimwendee yeye mwenyewe, au nimtume Shehe? Na hawa wanaoninong'oneza udiwani wa viti maalumu Oktoba, niwafukuze au niwasikilize? Kitenge bado unacho?

Migebuka, wale samaki wetu, nimempa Hamisi, anapanda treni kesho. Ipokee stesheni mapema, isije ikaozea humo.

Nijibu kwa barua. Simu Baba Zuhura anaisikiliza.

Wako,
Mama Zuhura