Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Majaribio ya Dawa za Limfoma Sugu

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za chama zimekwenda vizuri, na mweka hazina atazieleza. Mimi naomba nijikite kwenye jambo moja: majaribio ya dawa kwa wenzetu ambao limfoma yao, yaani saratani ya chembe za kinga za damu, imekataa tiba au imerudi.

Tumetoka mbali. Uchunguzi wa SCHOLAR-1, uliochapishwa 2017, ulionyesha kuwa kwa tiba za wakati ule ni 7% tu ya wagonjwa wa limfoma sugu ya seli B kubwa (inayoanzia kwenye seli B, aina ya chembe za kinga) ambao ugonjwa wao ulitoweka kabisa. Nusu walifariki ndani ya miezi 6 hivi. Mwaka huohuo yakatoka matokeo ya jaribio la ZUMA-1, ambapo seli T (chembe nyingine za kinga) za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hubadilishwa maabara ili ziitambue saratani, kisha hurudishwa mwilini. Kati ya watu 101 waliozipokea, ugonjwa ulitoweka kwa 54%. Watu hao walijitolea kabla ya yeyote kujua mwisho wake. Tuna deni kwao.

Swali lililotawala vikao vyetu mwaka huu ni: "Je, nitapewa dawa bandia?", yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina tiba ndani yake. Limfoma sugu haiachwi hivihivi, kundi la kulinganisha kwa kawaida hupewa tiba iliyopo. Katika jaribio la STARGLO, kundi moja lilipata glofitamabu (dawa mpya inayozielekeza seli T kwenye saratani) na kemotherapia, jingine rituksimabu (dawa ya zamani inayolenga seli B) na kemotherapia ileile. Nusu ya kundi la kwanza waliishi zaidi ya miezi 25. La pili, karibu 13. Nani aingie kundi gani iliamuliwa kwa bahati nasibu, na hilo mgonjwa alielewe kabla ya kutia sahihi.

Hatari zipo: kinga ya mwili ikiamshwa kupita kiasi huleta homa kali, presha hushuka, wengine huchanganyikiwa. Fomu ya ridhaa huyaeleza hayo. Ichukue nyumbani, uisome na mtu unayemwamini. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.

Kinachoniuma ni kwamba tunauliza tumeshachelewa. Majaribio mengi hupima kwanza figo, moyo na chembe za damu, na aliyechoshwa na mizunguko mingi ya kemotherapia huambiwa hafai. Ugonjwa ukirudi mara ya kwanza tu, muulize daktari wako kuhusu majaribio siku hiyohiyo.

Kamati inapendekeza kila mgonjwa apate mwanachama wa kumsindikiza kwenye mazungumzo ya ridhaa. Naomba mlipigie kura pendekezo hili.

Mwenyekiti