Ada ya filamu za mtandaoni: Tanga itashika wapi?

Ndugu Mhariri,

Hoja ya halmashauri kuzitoza kampuni za filamu za mtandaoni imeanza kuwa tamu midomoni. Inasemwa hivi: watu wa Raskazone na Sahare wanalipia Netflix kila mwezi, Jiji la Tanga haliambulii hata senti, basi madiwani watunge sheria ndogo. Wanaoisema hupenda kutaja Marekani. Sawa, tuitazame Marekani, maana huko miji kadhaa imejaribu na ikagonga mwamba.

Madai ya miji ile yalisimama juu ya barabara. Kwa sheria ya kebo ya 1984, mji unaruhusiwa kuitoza kampuni ya televisheni ya kebo hadi asilimia 5 ya mapato ghafi inayoyapata kwa huduma hiyo mjini humo, kwa sababu imepitisha waya kwenye hifadhi ya barabara. Mteja akilipa dola 60, dola 3 ni za mji. Watu walipoachana na kebo na kuhamia mtandaoni, fungu hilo likaanza kunywea, miji ikakimbilia mahakamani kudai asilimia hiyo kwa kampuni za filamu za mtandaoni. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Ohio iliujibu mji wa Maple Heights kwamba Netflix na Hulu hazikujenga chochote kwenye njia za umma. Picha inafika kwa intaneti ambayo mteja ameilipia kwingine. Reno ya Nevada na East St. Louis ya Illinois nazo zilishindwa katika mahakama za rufaa za shirikisho.

Hapa Tanga hoja hiyo ni dhaifu zaidi. Barabara za mitaa ya Ngamiani na Chumbageni, tangu 2017, ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu ni za TANROADS. Fundi akichimba mtaro wa kebo, akaufukia kwa mchanga mtupu bila kuushindilia, mvua ya masika ikaudidimiza na lami ikakatika, wa kudaiwa ni mwenye kebo. Mwenye filamu hakushika hata sururu.

Chicago ilipita njia nyingine. Mwaka 2015 ilitangaza kwamba kodi yake ya burudani, wakati huo asilimia 9, inamhusu pia anayetazama mtandaoni. Haikugusa waya, ilimshika mtazamaji kwa anwani anayotumiwa ankara. Hapo ndipo penye somo, na ndipo tunapokwama. Mteja wa Tanga analipa kwa kadi au kwa simu, na malipo yake hayasemi anaishi Makorora au Morogoro. Anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha simu kwenye intaneti, haisaidii sana, kwa sababu mara nyingi huonyesha mji ambako kampuni ya simu inatolea intaneti, na si pale alipoketi mtazamaji. Vibao vya anwani za makazi vilibandikwa 2022, postikodi tunazo, ila anayetuuzia filamu haziulizi.

Tuseme vikwazo vyote vimeondoka. Chukua kaya 1,000 za Tanga, kila moja ilipe shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi milioni 120. Ushuru wa huduma chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, hauzidi asilimia 0.3 ya mauzo: hata kwa kiwango hicho ni shilingi 360,000. Kwa mwaka mzima! Kabla ya kuipata, rasimu ipite kwenye kamati, wananchi waalikwe kutoa maoni, baraza la madiwani liipitishe, waziri aidhinishe, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kisha mwanasheria wa Jiji aipeleke hati ya madai kwa kampuni isiyo na ofisi hata Dar es Salaam. Posho ya kikao kimoja inaweza kuizidi hesabu hiyo.

Ilhali kodi yenyewe ipo. Tangu Julai 2022 watoa huduma za kidijiti walioko nje wanatakiwa kulipa TRA asilimia 2 ya mapato ghafi wanayoyapata nchini, mbali na VAT. Kwa kaya zetu zile 1,000, asilimia 2 ni shilingi milioni 2.4, na mkusanyaji tayari yupo. Madiwani na wabunge wa Tanga waombe mambo mawili: mteja aandike postikodi anapojiunga, na sehemu ya fedha hiyo irudi kwenye halmashauri kwa kufuata postikodi hizo. La kwanza litangulie, vinginevyo mgawo utakuwa wa kukisia na kila halmashauri itadai ina watazamaji wengi.

Tunachohofia ni kingine. Sheria ndogo ikishapita na kampuni ya nje ikakosa kujibu, mgambo watatafuta wa karibu: kibanda umiza cha Ngamiani chenye mabenchi sita, runinga moja na kiingilio cha shilingi 500. Huyo tayari anadaiwa leseni ya biashara. Sheria hiyo, ikiandikwa, itamke waziwazi kwamba haimhusu.

Wasomaji wako,
Chumbageni, Tanga