Rehema, kitanzi kibaki kitanzi

Tororo, Jumapili usiku

Dada yangu Rehema,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, mvua tu inatuandama. Mama Zaituni anakusalimu, ingawa bado amenuna, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Ni zile karatasi zako za maelekezo ya kufuma sweta ya mtoto. Ukurasa wa kwanza umeandika vitanzi, wa pili mishono, wa tatu macho, kumbe ni kitu kilekile. Hilo tulilimudu. Lakini kwapani umeandika "punguza 6", na wewe ulitaka vifungwe sita mfululizo, vitoke kabisa kwenye sindano, yaani kile tunachokiita kufunga siku zote. Mama Zaituni akaunganisha viwili viwili, akavitawanya mstari mzima. Kwapa halikutokea, kifua kikajikunja. Tulikaa hadi saa nne usiku tukifumua, uzi unatoka umejipindapinda kama nywele zilizofumuliwa msuko, naye kimya, hasemi neno. Iliniuma, Rehema. Anafuma vizuri kuliko sisi sote.

Halafu sindano "namba 8". Ya wapi? Kwa namba za zamani za Uingereza 8 ni milimita 4, kwa za Marekani ni milimita 5. Mimi kwa milimita 4 nilipata vitanzi 22 katika sentimita 10, kwa hiyo vile 66 vya mbele vikanipa sentimita 30. Auma alitumia milimita 5, akapata 18, sweta yake ikakaribia sentimita 37. Mtoto ni yuleyule wa miaka miwili! Andika milimita, basi.

Najua shuleni tulikatazwa kurudiarudia neno kwenye insha. Ila mtu mwenye sindano mkononi anahesabu. Akikuta neno jipya anadhani ni kazi mpya. Kufunga kuwe kufunga, kupunguza kuwe kupunguza, hata likijirudia mara ishirini. Na kushona tukuache kwa kuunganisha vipande mwishoni. Uliposema "shona mistari 10", Auma aliinuka kutafuta sindano ya nguo.

Karatasi za shali umeshazipeleka kutolewa kopi? Kama bado, nije Jinja Jumamosi tuzipitie pamoja? Huko kwenu wanasema kitanzi au jicho? Nitakubali lolote, mradi liwe moja. Na ule uzi wa bluu, ulibaki? Mama Zaituni anauhitaji, kwapa lile anataka kulianza upya.

Wako,
Nuru